Sisi Hatuna Drafti. Sudan Kusini Pia Hawakuwa Nayo.

60 kwa 58. Hiyo ndiyo skoa ambayo Kenya ilitolewa nayo AfroBasket 2021 pale Kigali, na waliotutoa ni Sudan Kusini. Pointi mbili tu. Kikapu kimoja kingeingia upande wetu, tungeenda kuongeza dakika tano. Viwili, wao ndio wangebeba mabegi kurudi nyumbani.

Sasa angalia vile mambo yalienda baada ya hapo. 2023 Sudan Kusini wakacheza Kombe la Dunia, wakamaliza wakiwa timu bora ya Afrika, na hiyo ikawapa tikiti ya Olimpiki. Tarehe 20 Julai 2024, London, wakacheza mechi ya kujipima nguvu na Marekani, ile Marekani ya LeBron, Curry na Durant, wakapoteza 101-100. Pointi moja. LeBron mwenyewe alilazimika kufunga sekunde za mwisho ndio wapone. Wiki moja baadaye wakaingia Paris, wakapigiwa wimbo wa taifa usio wao, wakasimama hivyo hivyo na mkono kifuani, halafu wakaifunga Puerto Rico 90-79.

Na sisi? AfroBasket ya 2025 ilichezwa Angola na Kenya haikuwepo. Uganda walikuwepo. Rwanda walikuwepo. Sisi tulikuwa Mowlem tukiangalia kwa simu, kama data ilikubali.

Kwa hivyo leo sitaki kuongea juu ya mechi. Nataka tuongee historia. Timu mbili zinaachana na pointi mbili mwaka wa 2021, miaka mitatu baadaye moja inamtoa LeBron jasho na nyingine haionekani. Hapo katikati kulitokea nini?

Jibu la mtaa ni "wale ni warefu tu"

Ukiuliza hili swali kwa korti yoyote ya Eastlands, utajibiwa haraka: "Buda, wale ni Wadinka. Wanazaliwa na futi saba." Watu wanacheka, mpira unaendelea.

Lakini hebu tulifikirie hilo jibu kidogo. Sudan Kusini ilipata uhuru 2011. Ikaingia FIBA, lile shirikisho la dunia la baske, mwaka wa 2013. Hao watu walikuwa warefu 2011. Walikuwa warefu 2013, 2015, 2017. Mbona hatukuwa tunawasikia miaka hiyo yote? Na hata mechi za kufuzu AfroBasket 2021 hawakuwa wamezifikia. Waliingia kwa kuchukua nafasi ya Algeria. Timu iliyoingia kwa mlango wa nyuma ndiyo ilikuja ikatutoa.

Kama urefu ndio ungekuwa siri, wangeanza kushinda siku ya kwanza. Urefu hawakuupata 2019. Kitu kingine ndicho walipata 2019, na nitafika huko.

Na pia tusijidanganye ati sisi tulikuwa bure. Kenya ina historia kwa huu mchezo. 1993 AfroBasket ilichezwa hapa Nairobi na tukamaliza nambari nne. Nambari nne Afrika! Baada ya hapo tukapotea miaka 28. Halafu 2019 Morans wakaenda Bamako kwa AfroCan, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za Afrika, wakarudi na fedha baada ya kufungwa na Congo kwa fainali. Februari 2021, Yaoundé, Tylor Ongwae akarusha ule mpira wa sekunde ya mwisho tukaifunga Angola 74-73. Angola, ambao wakati huo walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11. Kocha alikuwa Liz Mills kutoka Australia, na hiyo kazi ilimfanya kuwa mwanamke wa kwanza kufikisha timu ya wanaume AfroBasket. Kigali tukaifunga Mali 72-66 pia.

Kwa hivyo 2021 sisi ndio tulikuwa na hadithi nzuri. Sisi ndio tulikuwa tunaamka. Halafu tukarudi kulala. Mills hakuendelea na Morans. 2022 alikuwa anafundisha AS Salé ya Morocco kwa ligi ya BAL. Na sisi tukarudi pale pale pa kila mwaka: mechi ikikaribia ndio watu wanaanza kupigiwa simu.

Wenzetu wanajengaje timu iliyoanguka?

Wale mnafuata NBA mnajua hii, lakini wacha niieleze kwa sababu kuna wale wanakuja hapa kwa sababu ya stori tu.

Marekani hawashushi timu daraja. Ukimaliza wa mwisho hauendi ligi ndogo kama ingekuwa futiboli. Badala yake, timu mbovu ndizo zinapewa nafasi kubwa ya kuchagua kwanza vijana wapya wanaoingia ligi. Hiyo ndiyo drafti. Ni kama mtu aliyefeli mtihani kupewa mwalimu bora mwaka unaofuata. Kwetu hiyo ingekuwa maajabu, lakini ndivyo wanafanya.

Oklahoma City Thunder ndio mfano mzuri zaidi wa siku hizi. Mwaka wa 2019 meneja wao, Sam Presti, aliuza nyota zake wawili, Paul George na Russell Westbrook. Watu wakamwona amechanganyikiwa. Kwa kumuuza George kwa Clippers alipata kijana mwembamba anaitwa Shai Gilgeous-Alexander, pamoja na rundo la nafasi za drafti za miaka ya mbele. Halafu akaanza kupoteza. Msimu wa 2020-21 walishinda mechi 22 peke yake. Uliofuata, 24. Na tarehe 2 Desemba 2021, mwaka ule ule wetu wa Kigali, Memphis waliwafunga 152-79. Tofauti ya pointi 73. Hakuna timu imewahi kupoteza hivyo kwa historia ya NBA.

Sasa fikiria hiyo ni timu yako. Umevaa jezi yao hapo stage. Ungeishia wapi?

Lakini hawakumfukuza mtu kwa hasira. 2022 wakachagua Chet Holmgren nambari mbili. Akaumia mguu, msimu wake wa kwanza wote ukaisha akiwa amekaa kwa benchi na nguo za nyumbani. Wakangoja. Mwaka ule ule wakachagua Jalen Williams nambari 12, na nafasi hiyo ilitoka kwa ile biashara ya Paul George. Lu Dort hata hakuchaguliwa na mtu kwa drafti, walimwokota tu na wakampa muda. Tarehe 22 Juni 2025 wakawa mabingwa. Shai akawa mchezaji bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali.

Miaka sita kutoka kuuza nyota mpaka kombe. Kumbuka hiyo namba.

Mfano wa pili uko karibu na sisi zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu aliyeufanya mama yake ni Mkenya. Masai Ujiri. Babake Mnigeria, alilelewa Zaria, lakini mama ni wetu. Aliingia Toronto Raptors 2013 na 2019 wakachukua ubingwa. Ndiyo, alimleta Kawhi Leonard mwaka mmoja kabla, na bila Kawhi hakuna kombe, tusidanganyane. Lakini angalia waliomzunguka Kawhi. Pascal Siakam kutoka Cameroon, kijana aliyesoma seminari na kuanza baske akiwa amechelewa, alichaguliwa nambari 27 mwaka wa 2016. Fred VanVleet hakuchaguliwa na mtu. Hao wawili hawakutupwa moja kwa moja kwa moto. Toronto walikuwa wameanzisha timu ya vijana, Raptors 905, mwaka wa 2015, na wachezaji wadogo walikuwa wanashuka huko kucheza dakika nyingi wakikosea bila dunia nzima kuwaona. Siakam alishinda ubingwa na hiyo timu ndogo 2017. Miaka miwili baadaye, mechi ya kwanza ya fainali za NBA, alifunga pointi 32.

Watu husema "drafti" kama dawa ya kienyeji, ati ukiipata umepona. Lakini nambari 27 si dawa. Kutochaguliwa kabisa si dawa. Drafti ni mlango tu. Kazi iko ndani: muda wa kucheza, kocha mmoja anayekaa, mahali pa kukosea, na mtu wa juu ambaye haogopi kupigiwa kelele mwaka wa pili. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, na hiyo haihitaji kuwa Marekani.

Luol Deng na orodha

Turudi Sudan Kusini. Novemba 2019 Luol Deng akachaguliwa rais wa shirikisho lao la baske. Huyu ni msee aliyezaliwa Wau, akakimbizwa na vita akiwa mtoto, akaishi Misri, akakulia London, akachaguliwa nambari saba kwa drafti ya 2004 na akacheza NBA miaka 15. Angeweza kukaa tu akule pesa zake.

Alipoingia ofisini hakukuta kitu. Hakukuwa na uwanja wa ndani nchi nzima. Pesa za safari na hoteli nyingi zilitoka mfukoni mwake. Kocha hakukuwa, akawa kocha yeye mwenyewe. Januari 2020 alikuja na timu hapa Nairobi kwa mechi za awali za kufuzu AfroBasket, rais wa shirikisho amesimama pembeni ya uwanja anapiga makelele kama kocha wa shule. Baadaye, 2021, akamleta Royal Ivey, aliyekuwa kocha msaidizi huko NBA, yeye akarudi ofisini.

Lakini kitu cha kwanza Deng alifanya ni rahisi sana mpaka kinachekesha: alijua watu wake wako wapi. Vita iliwatawanya Wasudan Kusini Australia, Marekani, Canada, Uingereza, Uganda na hapa kwetu. Hakuwa na drafti. Hakuna kamishna anakuja jukwaani kumwita kijana jina apewe kofia. Yeye ndiye alipaswa kujua kwamba kuna msee anacheza Perth, mwingine yuko chuo huko Marekani, mwingine ligi ya daraja la pili Ulaya, kisha kuwapigia mmoja mmoja na kuwaambia: nchi yako inakuhitaji, na sina pesa ya kukupa.

Orodha. Hiyo ndiyo drafti yake. Na walipokuja, aliwaweka pamoja. Timu ya Kigali, ya Manila na ya Paris ilikuwa na watu wanaojuana. Kwa mechi za kufuzu Kombe la Dunia walishinda 11 wakapoteza moja.

Baada ya orodha ndio ikaja hatua ya pili, ya kulea. Khaman Maluach alizaliwa Rumbek Septemba 2006 na akakulia Kawempe, Kampala. Kama hujawahi kufika Kawempe, chukua Mowlem, ongeza boda, punguza magorofa. Alianza kushika mpira wa baske akiwa na miaka kama 13. Akaonekana, akapelekwa akademia ya NBA kule Saly, Senegal. Akiwa bado mtoto wa shule akacheza BAL. Agosti 2023, miaka 16, Sudan Kusini wakamweka kwa timu ya Kombe la Dunia. Miaka 17, Olimpiki. Si ati alikuwa tayari. Alikuwa anakosea, anapewa faulo za ovyo, anarudi benchi, anaingia tena. Juni 2025 drafti ya NBA, jina lake likaitwa nambari 10, akaishia Phoenix Suns.

Kutoka mpira wa kwanza mpaka kule ni miaka sita hivi. Tena sita. Oklahoma miaka sita, Maluach miaka sita. Shirikisho la Deng lilichukua karibu mitano kutoka ofisi tupu mpaka Paris. Sitaki kuifanya hii kuwa uchawi wa namba, nasema tu kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefanya kwa msimu mmoja, na hakuna aliyechukua miaka 28.

Sehemu inayouma

Nuni Omot alizaliwa Nairobi, 1994. Mama yake alikuwa anakimbia vita. Familia ikapelekwa Marekani akiwa mdogo, akakua huko, akacheza chuo cha Baylor, 2023 akawa mchezaji bora wa BAL, 2024 akawa Paris na jezi ya Sudan Kusini. Bul Kuol familia yake ilipitia Kakuma kabla ya Australia.

Sisemi hao ni Wakenya tulioibiwa. Walikuwa wakimbizi, hatukuwahi kuwapa uraia, na nchi yao ni yao. Nikiwaona na ile jezi nafurahi kama jirani. Ninachosema ni hiki: kipaji kilipita hapa. Kilikula githeri hapa, kilichezea vumbi la hapa, na hakuna mtu wa hapa aliyeandika jina. Na kama hatukuandika jina la wale waliopita, ni nani anaandika jina la wale walio hapa sasa?

Kwa sababu hebu niwaeleze vile ngazi ya baske Kenya inavyofanya kazi. Unaanza shule ya upili. Si shule yoyote, zile chache zenye korti, mipira na mwalimu anayependa mchezo. Kutoka hapo unapata chuo kikuu. Timu nyingi za ligi yetu ni za vyuo. Kutoka chuo unapata kazi kwa shirika lenye timu: bandari kule Mombasa, jeshi, benki. Ulinzi, KPA, Equity. Hizi ni timu nzuri na zimeshikilia huu mchezo miaka mingi wakati hakuna mwingine alikuwa anajali. Nawaheshimu. Lakini angalia ile ngazi tena. Kila kidato kinashikiliwa na karo au barua ya kazi. Ukianguka shuleni, umeanguka kwa baske pia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, mambo ya nyumbani yakawa mengi, si stori ya leo. Lakini kitu ambacho sikuwa nimetarajia ni kwamba siku kadi yangu ya mwanafunzi ilikufa, korti pia ilikufa. Getini waliniambia niende. Sikuwa nyota, msinielewe vibaya, nilikuwa mtu wa kuingia robo ya tatu watu wakichoka. Ila kulikuwa na vijana watatu tuliofanya mazoezi pamoja waliokuwa wazuri kweli, na wawili kati yao pia waliacha kwa sababu ya karo. Mmoja sahi anabeba mzigo Kariobangi Light Industries. Ana futi sita na inchi saba. Hakuna shirikisho limewahi kujua yuko. Jumapili anakuja korti ya simenti huku kwetu, ringi imepinda, anadanki na viatu vya kazi, watoto wanapiga makelele, halafu Jumatatu anarudi kubeba mabati.

Orodha ya Deng ilikuwa ya majina. Yetu ni ya shule. Hapo ndipo zile pointi mbili zilizaa umbali wote huu.

Lakini si Thunder wetu wamefika BAL?

Najua mtu ameshaanza kuniandikia hii. Ndiyo, na ni kitu kikubwa. Nairobi City Thunder ni klabu ya siku nyingi. 2023 kampuni ya Twende Sports ikaichukua, ikaleta pesa, ikaleta kocha, ikaanza kuwatendea wachezaji kama watu wa kazi. 2024 wakawa mabingwa wa Kenya. Wakafuzu BAL ya 2025, timu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Hapo Kigali hawakuvuka makundi, lakini walifika, na watoto wengi wa Nairobi kwa mara ya kwanza waliona jezi yenye jina la mji wao kwa ile ligi.

Hiyo imenionyesha kitu kimoja: klabu iliyolala inaweza kuamshwa kwa miaka miwili ukiwa na pesa na mpango. Lakini hiyo ni kumleta mchezaji aliyekamilika. Inafanya kazi, hata Ujiri alimleta Kawhi. Swali langu ni la chini yake. Kawhi akiondoka, Siakam wetu yuko wapi? Alikuwa 905 ipi? Klabu moja haiwezi kubeba hilo swali peke yake, na si haki kuibebesha.

Eastlands tushafanya hii kitu

Sasa wale wanasema haiwezekani bila NBA, bila Deng, bila dola, nataka muangalie upande huu mwingine wa Kangundo Road. 1987 kulianzishwa kitu kinaitwa MYSA kule Mathare. Vijana wanapanga ligi zao wenyewe, mtaa kwa mtaa, na ili timu yako ipate pointi lazima mtoke mfagie na kuzoa taka. Hakuna aliyeuliza unasoma shule gani. 1994 wakaunda timu ya wakubwa, Mathare United, kwa wale watoto waliokua. 1998 wakachukua Kombe la Moi. 2008 wakachukua ligi kuu ya Kenya, na kocha wao, Francis Kimanzi, alikuwa amepitia MYSA mwenyewe. Dennis Oliech alipita hapo. Uwanja wao wa Komarock, ukitoka Mowlem, hauhitaji hata kupanda mathree mbili.

Miaka 21 kutoka ligi ya watoto wa vumbi mpaka ubingwa wa nchi. Hawakuwa na drafti. Walikuwa na majina, ratiba ya kila wikendi, na watu waliokaa.

Kwa hivyo nikisema baske ya Eastlands inaweza kujengwa, siongei ndoto. Naongea historia ya hapa hapa, kwa mchezo mwingine.

Gharama yake si ile mnafikiria. Hatuhitaji uwanja wa ndani kwanza. Sudan Kusini walifika Paris bila kuwa nao nyumbani. Tunahitaji vitu vichache. Taa kwa korti zilizopo, ili mtu wa kazi ya mjengo aweze kucheza saa moja jioni. Ligi ya mtaa ya vijana wa miaka 13 mpaka 17 isiyouliza sare ya shule: Mowlem, Umoja, Kariobangi South, Dandora, Kayole, kila Jumamosi, mwaka mzima, si wiki mbili kabla ya uchaguzi. Wodi zina pesa za michezo, na kila mwaka zinaishia kwa jezi zenye picha ya mheshimiwa. Kocha mmoja anayelipwa kitu kila mwezi, hata kidogo, kwa miaka mitano, asibadilishwe kila uongozi ukibadilika. Na shirikisho limtume mtu mmoja, mmoja tu, na daftari, apite hizi korti kila mwezi aandike: jina, umri, urefu, anacheza nafasi gani, nani anamfundisha.

Daftari ya mia mbili. Hiyo ndiyo drafti tunaweza kumudu.

Na wakati wa kungoja tungoje. Hapa ndipo sisi mashabiki pia tunahusika. Tukipeleka Morans ya watoto wa miaka 19 wakafungwa na Misri pointi 40, tutasema nini? Nawajua, najijua. Tutapost kicheko. Tutaita kocha majina. Mwaka unaofuata watarudi kuwaita wale wale wakongwe, tufungwe na pointi 12 badala ya 40, tufurahi ati tumejaribu. Oklahoma walifungwa na 73 na wakaendelea na mpango. Sisi tukifungwa na 20 tunafukuza mpaka mpiga picha.

Kuna kijana wa gredi ya nane hapo kwa plot yetu, viatu namba 46, mama yake analalamika kila muhula juu ya hivyo viatu. Hajawahi kushika mpira wa baske. Maluach alianza akiwa na umri huo. Sijui kama huyu ataweza, pengine hata hatapenda mchezo, pengine atakuwa fundi wa stima na awe sawa kabisa. Lakini Jumamosi hii nampeleka kwa ile ringi iliyopinda, na jina lake nimeliandika.

Wewe pia angalia kwenu. Niandikie korti iko wapi, iko katika hali gani, na nani anafundisha hapo bila kulipwa. Majina ya watoto weka kwa daftari yako, si hapa. Nikipata korti kumi za Eastlands, nitazunguka zote na kamera, na video ya kwanza nitaitumia shirikisho kabla hata sijaipost.